Kusuka au Kunyoa: Jinsi ya Kuutambua na Kuujibu Mtanziko wa Uongo

Mtu akikwambia "amua moja, kusuka au kunyoa", ameshakufanyia kazi ambayo hukumtuma: amekupunguzia orodha. Nywele zinaweza kuachwa zikakua, zikapunguzwa, zikafungwa kitambaa, au zikasukwa wiki ijayo fundi akipata nafasi. Lakini swali likishaulizwa hivyo, wengi huanza moja kwa moja kupima kusuka na kunyoa, na hayo mengine hayaingii kichwani kabisa.

Kwenye mantiki kosa hili huitwa mtanziko wa uongo. Ni hoja inayotaja njia mbili, inadai hakuna nyingine, kisha inaiziba moja ili ubaki na ile anayoitaka msemaji. Hapa Tabora utaikuta kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Urambo, kwenye kikao cha ukoo Isevya, kijiweni Gongoni na kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa shule. Mara nyingi anayeitumia hana nia mbaya; ana haraka, ana hofu, au ameshachoka kufikiri. Hata hivyo hasara ni ileile: watu wazima wanaamua jambo kubwa wakiwa wameona nusu tu ya yanayowezekana.

Lijue lilivyoundwa

Hoja ya namna hii ina mistari mitatu:

Ama A, ama B.
A haiwezekani, au haifai.
Kwa hiyo B.

Mpangilio huu wenyewe hauna kasoro. Kama kweli njia ni mbili tu na moja imefungwa, iliyobaki ndiyo jibu. Fundi pikipiki huutumia kila siku. Pikipiki haiwaki, basi ama moto hautoki kwenye plagi ama mafuta hayafiki. Anafungua plagi, anaigusisha kwenye bodi ya injini, anapiga kiki, anaona cheche. Moto upo. Kwa hiyo tatizo ni mafuta, na anaanza kufungua kabureta. Fundi mzoefu hasemi hivyo haraka, kwa sababu anajua kuna jambo la tatu: kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini. Ringi zikiwa zimekwisha au valvu haifungi vizuri, moto utakuwepo, mafuta yatafika, na pikipiki haitawaka. Yule aliyelisahau hilo la tatu atasafisha kabureta mpaka jua lizame, na hesabu yake itaonekana sahihi kila akiirudia.

Hapo ndipo somo lote lilipo. Watu wengi wakibanwa na hoja ya namna hii hupambana na mstari wa pili ("A inawezekana bwana!") au wanalalamikia wa tatu ("B siitaki"). Kosa haliko huko. Liko mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ndio unaopita bila kuulizwa.

Hatua ya 1: Isikie ilipojificha

Ikija na "ama… ama…" au "moja kati ya mawili" ni rahisi kuikamata. Shida ni pale inapovaa nguo nyingine.

Inaweza kuja kwa "kama si… basi…". Mtu anasema, "Kama huungi mkono mradi huu, basi hutaki maendeleo." Hakuna "au" hapo, lakini maana ni ileile: ama unaunga mkono mradi, ama hutaki maendeleo. Inaweza kuja kama swali: "Wewe unataka tujenge darasa au unataka tuendelee na porojo?" Swali ni baya kuliko kauli, kwa sababu kauli unaweza kuikana, swali linakudai jibu, na jibu lolote utakalotoa limeshakubali orodha. Inaweza pia kuja kama lawama: "Asiyechangia si mwenzetu." Mwenye mgonjwa ndani na aliyeomba kulipa mwezi ujao wote wametiwa kapu moja na mkaidi.

Na inaweza kuja kwa methali, na hapa ni muhimu kuwa makini kwa sababu methali ina heshima yake. "Mshika mbili moja humponyoka." "Njia mbili zilimshinda fisi." Methali hizi ni za kweli kwa anayeparamia mambo mawili yanayogombania nguvu zilezile au saa zilezile. Hazithibitishi kwamba mawili yaliyo mbele yako yanagombana. Mkulima wa Sikonge mwenye mizinga msituni na mahindi shambani ameshika mbili, wala hakuna inayomponyoka: palizi ni ya kipindi cha mvua, mavuno makubwa ya asali huja kiangazi. Ukitupiwa methali, usibishane nayo. Uliza: "Hapa yanagombana wapi?" Msemaji akiweza kuonyesha pesa ileile, siku ileile au mikono ileile, ana hoja. Asipoweza, alikuwa na methali tu.

Dalili nyingine ni haraka. Ukiambiwa "sasa hivi", "leo leo", "kabla hatujatoka humu ndani", jiulize ni nini hasa kitaharibika mkilala usiku mmoja.

Hatua ya 2: Iandike kwa mistari mitatu

Chukua karatasi, au simu, uandike hoja uliyoisikia kwa mpangilio wa A na B. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofichua mengi kuliko zote.

Tuseme mjumbe amesimama kwenye mkutano akasema: "Jamani, bila tumbaku hapa hatuna kitu. Ninyi mnaosema tupunguze mnataka watoto wetu wasisome." Ukiiandika inakuwa hivi:

Ama tulime tumbaku kama tunavyolima sasa, ama watoto wasisome.
Watoto wasisome haikubaliki.
Kwa hiyo tulime tumbaku kama tunavyolima sasa.

Tazama maneno "kama tunavyolima sasa". Mjumbe hakuyatamka, lakini bila hayo hoja yake haisimami. Waliokuwa wakipingwa walisema "tupunguze", hawakusema "tuache". Kati ya kupunguza na kuacha kuna ekari nyingi, na ekari hizo zimetoweka ndani ya sentensi moja.

Kuna sharti moja katika hatua hii. Iandike kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Akisema "sikusema hivyo", rudia. Ukimpa mtu hoja dhaifu kuliko yake kisha ukaivunja, umefanya kosa lingine, tena la aibu zaidi.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la "si"

Jaribio hili halihitaji elimu wala karatasi. Iache njia ya kwanza ilivyo. Iondoe njia ya pili, na mahali pake weka njia ya kwanza ikiwa imekanushwa. Kisha linganisha sentensi mbili.

"Ama yuko Simba, ama yuko Yanga." Ikigeuzwa: "Ama yuko Simba, ama hayuko Simba." Ya pili ni kweli siku zote. Ya kwanza si lazima, maana asiye Simba anaweza kuwa anashabikia timu ya hapa hapa Tabora, au mpira hautazami kabisa. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ndiko zinakokaa njia zilizofichwa.

"Ama unampenda mkwe wako, ama unamchukia." Ikigeuzwa: "Ama unampenda, ama humpendi." Asiyempenda mkwe wake huenda hajamzoea tu.

"Fomu imepelekwa, au bado iko kwenye begi lako." Ikigeuzwa: "Imepelekwa, au haijapelekwa." Hapa karibu hakuna tofauti, isipokuwa kama fomu imepotea njiani. Hata sentensi ndogo kama hii inafaa kupitishwa kwenye jaribio.

Wanamantiki hutenganisha mambo yanayokanushana kabisa na mambo yaliyo kinyume tu. Nyeupe na nyeusi ni kinyume: kitu hakiwezi kuwa vyote viwili, lakini kinaweza kisiwe chochote kati ya hivyo, kikawa kijani. Nyeupe na isiyo nyeupe hukanushana: lazima kimoja kiwe kweli. Mtanziko wa uongo huchukua mambo yaliyo kinyume na kuyapitisha kana kwamba yanakanushana. Maneno ya kuyaangalia sana ni rafiki na adui, shujaa na mwoga, msomi na mjinga, mzalendo na msaliti. Jozi hizi zote huanguka kwenye jaribio, na ndizo hupigiwa makofi zaidi mkutanoni.

Hatua ya 4: Gonga milango mitano

Ukishajua kuna nafasi katikati, unatakiwa kusema kilichomo. "Kuna njia nyingine" bila kuitaja haimsaidii mtu. Njia iliyofichwa karibu kila mara iko nyuma ya mmoja wa milango hii.

Kiasi. Je, ni lazima iwe yote au hakuna? Mwenye ekari tano anaweza kuweka tatu za tumbaku, moja ya karanga, moja ya mahindi. Lakini ujue mlango huu unafungwa lini. Tumbaku hulimwa kwa mkataba. Ukishaandikisha makisio yako na kuchukua mbolea kwa mkopo, deni litakatwa kwenye mauzo hata ukibadili mawazo Desemba. Mjadala wa kiasi ni wa kabla ya makisio. Anayeuleta baada ya hapo analeta njia ambayo kwa msimu ule haipo tena.

Wakati. Je, kimoja kinaweza kutangulia? Kijana anasema, "Ama nichukue pikipiki ya mkataba wiki hii, ama nikae bila kazi." Anaweza kupiga deiwaka kwa wenzake, yaani kuwashikia pikipiki zao kwa siku, kwanza mwezi mmoja au miwili, ajue mafuta yanakwenda kiasi gani kwa siku, ajue baada ya kutoa hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, kinabaki nini, ndipo asaini. Mkataba wa pikipiki ni ahadi ya kila siku, mvua inyeshe, homa ije. Kuchelewa kidogo hapa si kukosa kazi.

Nani. Je, ni lazima awe mtu yuleyule? "Ama niache biashara nimuuguze mama, ama mama abaki peke yake." Dada, shangazi, mke wa kaka na jirani hawamo kwenye sentensi hiyo. Andika majina yao, na mbele ya kila jina siku anayoweza.

Namna. Je, jambo lilelile linaweza kufanyika kwa njia tofauti? Mfano mzito wa Tabora ni ule wa "tumbaku au msitu". Kukausha tumbaku kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kunakula kuni, na kuni zimetoka kwenye misitu ya miombo ileile ambayo nyuki wanaitegemea. Mvutano ni wa kweli. Lakini bani zilizoboreshwa, zenye jiko linalotunza joto, hutumia kuni chache kuliko za zamani, na mkulima anaweza kuwa na shamba lake la miti ya kukaushia. Hilo halimalizi ubishi. Linabadilisha swali: badala ya "tulime au tusilime", mnaulizana "kuni kiasi gani kwa kila bani, na zitoke wapi". Swali la pili lina majibu yanayopimika.

Vyote, au hakuna hata kimoja. "Mtoto aende madrasa au tuisheni?" Madrasa ni alasiri, tuisheni iwe Jumamosi asubuhi. Na muuzaji akikuuliza, "Unachukua cha elfu thelathini au cha elfu arobaini?", kurudi nyumbani na pesa yako nalo ni jibu.

Anza na kiasi na wakati, kwa kuwa milango hiyo miwili haidai pesa mpya wala mtu mpya. Namna huhitaji ujuzi, nani huhitaji kukubaliwa na mwingine.

Hatua ya 5: Pima ulichokipata, na ujue mtanziko wa kweli

Kila njia mpya iulize maswali matatu. Inawezekana kwa tulicho nacho? Nani ataifanya, jina lake? Inafika kabla muda haujaisha? Njia isiyojibu hata swali moja ni matamanio. Watu wanaojua kukosoa mitanziko ya uongo huharibikia hapa: wanamwaga njia saba zisizo na pesa wala mtu, mkutano unachoka, na msemaji wa kwanza anashinda kwa sababu yeye angalau alikuwa na jambo la kufanya kesho.

Kuna nyakati njia ni mbili kweli. Mjamzito anayetoka damu apelekwe hospitali sasa hivi. Aliyeumwa na nyoka vilevile. Usitafute mlango wa wakati wala wa namna. Kusubiri kidogo tuone ni kule kutokwenda, kwa jina lingine. Hali kadhalika palipo na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi: umetuma au hukutuma.

Na kuna orodha ambazo njia fulani hairuhusiwi hata kuingia. Mtu akisema binti aliye shuleni "ama aolewe ama abaki mzigo", usijaribu kupatanisha kwa kusema aolewe mwakani kabla ya mtihani. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inafanya kumwoa au kumwoza mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa jinai, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 30. Ndoa inatoka kwenye orodha kabisa, na mazungumzo yanaanza kwenye ada, sare na chakula.

Hilo linatuleta kwenye kosa pacha: kudhani kwamba ukweli siku zote uko katikati. Jirani amesogeza mpaka hatua kumi ndani ya shamba lako, kisha anasema kwa upole, "Tusigombane, tugawane, tano kwako tano kwangu." Inasikika kama busara, lakini kama alama za mpaka na majirani wanaopakana nanyi wanathibitisha hatua zote kumi ni zako, katikati hapo ni nusu ya dhuluma. Mtanziko wa uongo unavunjwa kwa kuonyesha njia iliyopo kweli. Kukata kila jambo nusu kwa nusu hakuvunji kitu.

Njia zikiwa mbili kweli, lakini maana imepakwa rangi

Hii ni aina ngumu kuliko zote, na Tabora ina mfano wake mkubwa kuliko mji wowote Tanzania. Unastahili kusomwa taratibu.

Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa nchi ambayo Waafrika walikuwa wengi mno kuliko hao wengine wote kwa pamoja, utaratibu huo ulikuwa tusi, na TANU ilikuwa imeupinga. Swali la Tabora likawa: tushiriki, au tususie?

Pitisha swali hilo kwenye jaribio la "si". Kushiriki au kutoshiriki. Limepita; hakuna katikati, huwezi kushiriki nusu. Mtu angeweza kusema basi huu ni mtanziko wa kweli na kufunga mjadala. Lakini hoja iliyokuwa na nguvu kwa wengi haikuishia kwenye vitendo viwili. Ilivipa maana: kushiriki ni kuikubali kura tatu, kususia ni kuikataa. Jozi hiyo ya pili ndiyo haikuwa kweli. Mtu anaweza kuingia kwenye uchaguzi kwa lengo la kuushinda na kuutumia kuuondoa utaratibu uleule. Na kususia nako kusingeifuta kura tatu; uchaguzi ungeendelea, na viti vingekwenda kwa wengine.

Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alisimama upande wa kushiriki, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu, mwanachama mwenzake, hakuridhika, akatoka TANU na kuunda chama chake, ANC (African National Congress). Si haki kumwita mpumbavu. Aliona hatari ya kweli, kwamba ukishaingia kwenye mchezo wenye sheria mbaya unaweza kuzizoea. TANU nayo haikuingia mikono mitupu. Kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, ilitafuta Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo na kuwaunga mkono. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda. Uchaguzi wa Agosti 1960 haukuwa tena na kura tatu, na TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961.

Kwa hiyo, jaribio la "si" likikupa jibu kwamba njia ni mbili kweli, usiishie hapo. Andika mbele ya kila njia maana iliyobandikwa, kisha uliza kama maana hiyo inalazimika. "Nikienda kwenye suluhu, nimekubali kosa." Je, lazima? "Nikimkopesha tena, nimeonyesha udhaifu." Je, hata kama safari hii kuna maandishi na shahidi?

Hatua ya 6: Jibu bila kumvunjia mtu heshima

Usimwambie mtu kwamba amefanya kosa la kimantiki. Hata ukiwa sahihi, utakuwa umeanzisha ugomvi wa pili. Una majibu matatu ya kuchagua.

La kwanza ni kuongeza njia: "Hayo mawili nayaona. Na la kupanda ekari tatu badala ya tano tumelipima?" Leta moja au mawili, yenye bei na jina la mhusika. La pili ni kukubali kwamba njia ni mbili na kupinga maana, kama ilivyokuwa 1958. La tatu ni kuuliza: "Tumefikaje kwenye mbili, mzee wangu? Kuna mengine mliyapima mkayaacha?" Hili la tatu lifanye la kwanza kwa mtu anayekuzidi umri. Linampa nafasi ya kueleza, na mara nyingine utagundua kweli aliyapima.

Tazama mazungumzo haya ya mjomba na mpwa wake, matokeo ya kidato cha nne yakiwa yametoka.

"Mwajuma, ni mawili tu. Ama jina litoke kidato cha tano cha serikali, ama urudi Sikonge ukamsaidie bibi yako shamba. Hela ya shule za kulipia mimi sina."

"Nimekuelewa, mjomba. La hela nakubali, silibishii. Naomba kuuliza, kinachokusumbua zaidi ni nini?"

"Ukae mjini hapa bila shughuli. Hilo silitaki."

"Hata mimi silitaki. Basi naomba tuangalie mengine mawili kabla hatujaamua. Nina D za kutosha kuomba astashahada, kama masomo yangu yanakubalika. Chuo cha Nyuki kipo hapa hapa Tabora, na chuo cha ufundi cha VETA kipo, nitatokea nyumbani, chumba sitapanga. Jumatatu niende nikaulize sifa na ada, Jumanne nikuletee karatasi. Ikishindikana, nakwenda Sikonge bila maneno."

"Lete hiyo karatasi tuione."

Binti amekubali sehemu iliyo kweli kabla ya kugusa isiyo kweli. Ameuliza tatizo, na tatizo lilipotajwa likaonekana si kidato cha tano wala shamba. Ni kukaa bure. Chaguo la mjomba ameliacha mezani, hakulitupa, kwa hiyo mjomba hajashindwa. Na ameweka siku. Siku ndiyo inayomtofautisha na mtu anayepoteza muda. Angelisema "mjomba, lakini kuna njia nyingi siku hizi", mazungumzo yangekufa papo hapo.

Kama msemaji amekubana mbele za watu, jibu fupi linatosha: "Nitajibu, ila orodha haijakamilika." Kisha taja la tatu, unyamaze. Ukianza kueleza kwa nini amekosea, atatetea jina lake badala ya hoja yake.

Hatua ya 7: Usiwabebeshe wengine

Wazazi, walimu na viongozi ndio tunaoongoza kwa kuitumia. Si kila chaguo la mbili ni kosa. Kumwambia mtoto "uji au chai?" ni kupanga, kwa kuwa hudai kwamba duniani hakuna vinywaji vingine. Kosa linaanza unapodai kuwa hakuna kingine, hasa unapokijua na kukificha.

Kwa mwenyekiti wa kikao, utaratibu unaofaa ni huu. Kabla ya kupiga kura, andika njia zote zilizotajwa ubaoni au kwenye karatasi kubwa. Kisha tangaza dakika kumi za kutafuta nyingine, na wape nafasi kwanza waliokuwa kimya. Akina mama na vijana mara nyingi wana la tatu ambalo halikupata mlango. Kila linaloongezwa liulizwe pesa, mtu na muda. Lisilojibu, lifute kwa ridhaa ya aliyelileta.

Zikibaki njia tatu, usipige kura moja ukamaliza. Chukua wanachama 60: njia ya kwanza imepata 25, ya pili 20, ya tatu 15. Ya kwanza inaongoza, lakini watu 35 hawakuitaka. Iondoe ya tatu, piga kura ya pili kwa mbili zilizobaki. Safari hii "ama hii, ama ile" ni halali, kwa sababu orodha ilifunguliwa kwanza na kupunguzwa mbele ya kila mtu. Katibu aandike kwenye muhtasari hata njia zilizoanguka na sababu zake, ili bei ya tumbaku au ada ya chuo ikibadilika msimu ujao, mjadala uendelee kutoka ulipoishia.